Siku Mwanaidi Aliposema Ana Njaa

Alhamisi, Mfunguo Pili, mwezi wa pili tangu Ramadhani iishe, jioni.

Mvua imekatika adhuhuri baada ya kututesa wiki nzima, na Bagamoyo yote inanuka matope na nguo zilizokosa jua. Nimekaa barazani na simu yangu, chai imepoa, na nimejaa majivuno hadi masikioni. Leo sitaki kuambiwa nijishushe. Anayekereka na mtu anayejisifia ndugu zake afunge ukurasa huu sasa hivi, tusije tukakoseana bure.

Kwa wanaonisoma mara ya kwanza, mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa mjini, mdomo wangu ni mrefu, na nina mdogo mmoja tu. Anaitwa Mwanaidi. Mwanaidi ni mpakaji hina, na siyo mpakaji wa kubahatisha. Wanamfuata kutoka Tegeta na Bunju, mtu na mama yake na mawifi zake, wanapita wapakaji wote wa njiani kuja kukaa kwenye kibanda chake pale Magomeni ya hapahapa Bagamoyo. Mumewe, Idrisa, hupakia mananasi Kiwangwa kupeleka Dar. Wana watoto wawili, na nyumba yao haina kelele.

Haya yote nayaeleza makusudi. Mwanaidi alipougua sonona mwaka jana, kila aliyekuja kumtazama aliuliza kakosa nini. Mume mzuri, watoto wazima, kazi inakwenda, sasa huyu analilia nini? Hakuwa amekosa kitu. Aliacha kupaka hina, kisha akaacha kuoga, kisha akaacha hata kugombana na mimi, na hapo ndipo nilipoogopa. Daktari wa kliniki alimwanzishia dawa. Zilichukua wiki kadhaa kabla hatujaona tofauti, lakini alirudi. Siku moja akaniambia kilemba changu kibaya, nikaenda jikoni kulia kwa furaha.

Halafu Ramadhani ikaingia, na video ikaingia nayo.

Ilikuja kwenye kundi la ukoo. Bwana mmoja kavaa koti jeupe, nyuma yake kuna picha ya ubongo unaozunguka, anasema mtu akifunga seli zake hujisafisha. Zinakula uchafu wake zenyewe, ubongo unakuwa mpya, kwa hiyo wenye sonona wafunge na vidonge watupe. Aliyeituma alikuwa Shangazi Hidaya.

Shangazi Hidaya ni dada wa marehemu baba, na ndiye aliyetulea. Ni mjane, mtu wa ibada. Jumatatu na Alhamisi hufunga sunna, humkuti ana kitu mdomoni. Hana ubaya hata chembe. Aliituma kwa mapenzi, kisha akamwita Mwanaidi pembeni akamwambia, "Mwanangu, dawa yako Mungu kaiweka kwenye funga yako." Mwanaidi, ambaye hajawahi kumkatalia Shangazi jambo tangu tukiwa watoto, akaitikia. Mimi sikuwepo, na hakuna aliyeniambia.

Kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba yule bwana hakusema uongo mtupu. Angesema uongo mtupu ningemmaliza kwa sentensi moja. Seli kweli hujisafisha. Ndani yake vitu huchakaa na kuharibika kila siku, na seli huvizungushia utando, ikavipeleka kwenye kifuko chenye vimeng'enya vikali, ikavivunjavunja, kisha vipande vinavyofaa ikavitumia kujengea vingine. Wataalamu wanaita otofaji, yaani kujila mwenyewe. Njaa huiamsha kazi hiyo, na hilo limeonekana vizuri kwa panya wa maabara. Na wapo watafiti walioona dalili kwamba kwenye sonona usafi huo huzorota ndani ya ubongo. Mpaka hapo mimi na bwana wa koti jeupe tuko pamoja.

Tunaachana hapa. Panya si Mwanaidi. Hakuna aliyethibitisha kwamba mtu mwenye sonona akishinda na njaa atapona. Na kuna jambo ambalo hakuligusa kabisa: baadhi ya hizohizo dawa za sonona, huko maabara, zimeonekana kuuamsha usafi huohuo. Yaani anamwambia mtu atupe ufagio ili apate kufagia. Utafiti bado unaendelea na mimi sijifanyi nimeumaliza, mimi ni mwalimu wa sekondari mwenye bando la usiku na ubishi. Lakini hayo nimeyasoma, tena nimeyasoma kwa hasira.

Sasa nirudi Ramadhani.

Mwanaidi aliacha dawa, akafunga. Magharibi ikiingia alikula tende moja, maji, basi, anasema ameshiba. Daku haamki. Mchana kalala, jioni kalala, akiongeleshwa anajibu kwa kichwa. Na unajua tulifanya nini? Tulimsifu. Mashaallah, Mwanaidi mwaka huu kaishika funga barabara. Mashaallah, hana maneno mengi. Macho yalimzama, watu wakasema ana nuru. Kwetu sisi mtu asiyekula mwezi wa Ramadhani hana anayemtilia shaka, na anayejifungia chumbani tunasema yuko na Mola wake. Ugonjwa ulipata mahali pa kujificha, tena mahali pa heshima.

Ilifika Iddi. Nyumbani kwa Shangazi palikuwa na pilau, kachumbari, watoto na nguo zinazochuruzika pambo, kelele za kila aina. Mwanaidi hakuonekana. Nikapakua sahani nikampelekea chumba cha ndani. Nikamkuta kakaa ukingoni mwa kitanda, gauni lake jipya bado lipo kwenye mfuko wa duka.

"Ahsante, dada," akasema. "Nimefunga."

Siku ya Iddi.

Hakuna kwetu asiyejua kwamba Iddi haifungwi, ni haramu, hata mtoto wa chekechea anakwambia. Mwanaidi alijua vizuri kuliko mimi. Lilimtoka tu, kwa sababu neno hilo mwezi mzima lilikuwa linamwondolea watu mlangoni. Nikaiweka sahani chini. Nikamuuliza dawa ziko wapi, akasema ziko kabatini nyumbani kwake. "Niliacha," akasema. "Nilitaka nisafishike."

Nikamuuliza na lile swali ambalo daktari alitufundisha tuliulize bila kuzunguka, kama anawaza kufa. Akasema ndiyo, kuna siku anawaza.

Sitaandika sana kuhusu siku hiyo. Nilimwita Idrisa, hatukumwacha peke yake hata dakika, na tukampeleka hospitali na nguo zetu za Iddi. Daktari hakumgombeza, Mungu ambariki. Alimweleza kwamba dawa hizi hazikatwi ghafla, ndiyo maana alikuwa anahisi kizunguzungu na kama umeme unampita kichwani. Alimwambia mwakani, akiwa na nafuu, watapanga wakati wa kumeza kati ya futari na daku, na asipokuwa na nafuu yeye ni mgonjwa, na mgonjwa kasamehewa. Nami nikachomekea habari zangu za seli, siwezi kukaa kimya. Daktari akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu, seli tuziache zifanye kazi yake. Sisi tuzisaidie kwa dawa, chakula, usingizi na watu wa kukaa naye."

Tulimweleza Shangazi. Video aliifuta. Kuanzia kesho yake akawa anakuja kila asubuhi na chupa ya uji, anakaa na Mwanaidi mpaka kikombe kiishe. Lakini neno sonona halikuwahi kumtoka mdomoni. Majirani wakiuliza aliwaambia Mwanaidi ana malaria. Ilikuwa malaria ndefu kuliko zote zilizowahi kuonekana wilaya hii, na sote tulinyamaza, maana mtu atabishana vipi na Shangazi? Ila nilikuwa na hofu. Mtu anayemeza dawa kwa kujificha siku moja huona rahisi zaidi kutoimeza. Niliogopa kwamba ikifika Ramadhani nyingine, au likija neno jingine la sifa kutoka kwa jirani, tutarudi palepale, na safari hiyo huenda nisiwahi na sahani.

Haya. Leo sasa.

Leo ilikuwa hina ya Nasra, binti wa jirani yetu, anayeolewa kesho baada ya swala ya Ijumaa. Ilikuwa kazi ya kwanza kubwa ya Mwanaidi tangu augue. Nilimaliza kipindi cha mwisho nikatoka mbio na chaki mikononi, nikaingia kwenye chumba cha wanawake nikiwa natweta. Kisingizio changu kilikuwa kusaidia kupakua. Ukweli ni kwamba nilikwenda kumlinda.

Hakuhitaji mlinzi. Alikuwa kakaa juu ya mkeka, mguu wa bibi harusi kaupakata, koni ya hina mkononi, na maua yanapanda kutoka kidole gumba kuelekea kifundo bila mkono kutetemeka. Alikuwa anaimba kwa sauti ya chini, kwa ubovu uleule wa siku zote. Nilitamani nimwambie kila aliyekuwepo: mnamwona huyo?

Shangazi alikuwa pembeni dirishani, anatunga asumini kwa ajili ya kesho. Alikuwa kafunga, Alhamisi hii.

Masinia yalipoingia, wali wa nazi, samaki na mchicha, Mwanaidi akaweka koni chini, akanawa, akasogea. Alikula. Siyo kudonoa, alikula, akachota mchuzi, akanyang'anyana kichwa cha samaki na mwanamke aliyekaa naye. Ndipo Bi Chausiku, jirani yetu ambaye mdomo wake unazidi hata wangu, akapaza sauti toka upande wa pili wa chumba.

"We Mwanaidi! Leo Alhamisi, hufungi? Sisi tushakuzoea wewe mtu wa funga, shoga, mbona umetuangusha?"

Watu wakacheka. Ulikuwa utani, wala hakuwa na nia mbaya. Nilikuwa tayari kurusha uongo wowote, hata malaria.

Mwanaidi akalamba kidole, akasema, "Bi Chausiku, sifungi. Ile mlokuwa mkiniona mie nafunga, haikuwa funga, yalikuwa maradhi. Nina sonona. Nakunywa dawa kila siku, nikishakula hapa nameza. Na leo nina njaa, hebu sogeza hilo sinia."

Nasra, na mikono yake ya hina mbichi kaiinua juu, akabaki vilevile. Niliona wanawake wawili wanatazamana. Kisha msichana mmoja, mdogo wake Nasra, akauliza taratibu, "Dada Mwanaidi, na ile video ya seli je? Mie niliituma kwa watu."

Hapo nikavuta pumzi. Hili ni somo langu! Nilikuwa nimeshajiandaa kuanza na utando wa seli. Mwanaidi akaninyamazisha kwa jicho moja tu.

"Kanga ikichakaa wewe waitupa?" akamuuliza yule msichana. "Huitupi. Waikata winda za mtoto. Winda zikichoka wafanya dekio. Basi na seli ndo zifanyavyo na vitu vyake vya zamani, kila siku, mwili wako mzima. Zangu kichwani labda zilizembea. Dada asema huenda dawa yenyewe ndo yazikumbusha kazi. Huenda, bado wachunguza. Mie siwangoji wamalize. Nijuacho ni kuwa nikimeza nala na nalala, na nilipoacha nilitaka kufa."

Mimi nina shahada. Mada hiyo naifundisha vipindi viwili mfululizo na mchoro ubaoni, na wanafunzi wa nyuma wanalala. Yeye kaimaliza na wali mkononi. Nakiri nilipata wivu, kidogo tu, halafu wivu ukaondoka nikabaki na kitu kikubwa zaidi kifuani ambacho sikujua nikiweke wapi. Nilitaka kupiga vigelegele. Nilijizuia kwa sababu haikuwa zamu yangu.

Bi Chausiku alikuwa kainamisha kichwa. Na wote, bila kupatana, tukawa tunamtazama Shangazi. Kwa wanawake wa mtaa ule, jambo ambalo Shangazi Hidaya kalikubali limekubalika, na alilolifunika limefunikwa.

Shangazi akaweka asumini zake mapajani.

"Mleteeni mwanangu maji ya kumezea dawa," akasema. "Siyo hayo ya mtungi. Ya chupa."

Basi chumba kikapumua. Maji yakaja, chupa tatu kwa mpigo, kila mtu kakimbilia ya kwake. Mwanaidi akatoa kidonge kwenye pochi yake mbele ya wanawake wote wale, akameza, akanawa tena, akarudi kwenye mguu wa bibi harusi. Mwanamke mmoja ambaye sitamtaja alikwenda kukaa karibu naye, akawa anamsemesha kwa kunong'ona muda mrefu. Mwanaidi alimjibu bila kuinua macho kwenye ua lake. Sijui walisema nini, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuuliza.

Tumerudi kwa miguu, tukiruka madimbwi, Mwanaidi mbele, mimi na Shangazi nyuma. Nilikuwa nasema peke yangu, namsifia Mwanaidi kwa yote aliyofanya kana kwamba Shangazi hakuwepo. Kufika kwenye kona ya msikiti, Shangazi akanishika mkono, akasimama.

"Hiyo dawa," akasema, "na mtu mzima kama mie hupewa?"

Nilidhani anauliza kwa udadisi. Nikaanza kumjibu kitaalamu. Akanikatiza.

"Tangu bwana wangu afe, chakula sikijui ladha. Ni miaka, mwanangu. Usiku silali. Nikifunga watu hawaniulizi."

Nimeishi nyumba moja na mama huyu. Nimemwona akifunga Jumatatu na Alhamisi, na baada ya hapo siku nyingine nyingi ambazo si Jumatatu wala Alhamisi, nami nikawa nawaambia watu shangazi yetu mcha Mungu. Na ni mcha Mungu kweli, hilo simnyimi. Lakini pia alikuwa mgonjwa, na mambo yote mawili yalikaa kwenye sahani moja tupu.

Kumbe Mwanaidi mbele alikuwa anasikia kila neno. Aligeuka, akarudi, akapita kwenye dimbwi na viatu vyake.

"Jumatatu nakupeleka kliniki," akamwambia.

"Jumatatu huwa nafunga," Shangazi akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Najua. Jumatatu hii hufungi. Waja kwangu asubuhi, wanywa chai na vitumbua mbele yangu, kisha twaenda. Kwa daktari nitaanza kueleza mie, wewe utaendeleza."

Nikasema basi nitaomba ruhusa kwa mkuu wa shule, niwasindikize. Mwanaidi akanitazama kama alivyokuwa akinitazama zamani nilipomchagulia nguo.

"Dada, wewe una vipindi. Kafundishe."

Akanipa mfuko wake wa hina nimbebee, akamshika Shangazi mkono, wakatangulia. Shangazi hakubisha.

Kesho tunamwoza Nasra, na mimi nitapiga vigelegele vyote nilivyovizuia leo. Jumatatu asubuhi nitaingia darasani bila wasiwasi wowote. Shangazi atakuwa na Mwanaidi.